Maswali na Majibu: Kadi ya Sauti kwa Muziki na Gemu

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu hii, shikamoo. Nina kompyuta ya mezani aina ya Dell OptiPlex, ile ya kasha jembamba, niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika ofisini. Jioni husikiliza taarabu ya zamani na rumba ya Kongo, na usiku hucheza gemu za mpira na za kufyatuliana risasi pamoja na wenzangu mtandaoni. Nikichomeka hedifoni mbele ya kompyuta nasikia mchakacho mwembamba unaoongezeka kila ninaposogeza mausi. Muuzaji mmoja amenishauri ninunue kadi ya sauti ya ndani yenye chaneli 7.1, yaani njia nane za sauti, akisema itaondoa mchakacho, itaongeza utamu wa muziki na itanisaidia kusikia adui anatokea upande gani. Nina akiba ya shilingi laki moja na nusu. Ninunue ipi?
Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Muuzaji amekuahidi mambo matatu kwa kadi moja, na mambo hayo hayana chanzo kimoja. Mchakacho unatokana na njia unayopita umeme wa sauti, utamu wa muziki unategemea zaidi hedifoni na ubora wa rekodi, na kumtambua adui upande aliko ni kazi ya gemu yenyewe. Kwa hiyo naomba akiba yako ikae kwanza mpaka tujue kasoro iko wapi.

Tuanze na mchakacho, kwa kuwa ndio unaokukera, na huenda ukaondoka bila wewe kutumia hata senti moja. Kompyuta yako tayari ina chombo cha sauti, ila hakionekani kama kadi. Tangu Intel ilipotoa kiwango cha AC'97 mwaka 1997, na zaidi baada ya kiwango cha High Definition Audio cha mwaka 2004, karibu kila mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, hutoka kiwandani ikiwa na chipu ya sauti, mara nyingi ya kampuni ya Realtek. Chipu hiyo hupokea tarakimu kutoka kwenye faili la muziki na kuzigeuza kuwa umeme unaopanda na kushuka, ambao ndio unaotikisa utando ulioko ndani ya hedifoni. Kwa kawaida chipu yenyewe si mbaya. Ubaya uko njiani: tundu la mbele limeunganishwa na mazabodi kwa waya mwembamba unaokatiza ndani ya kasha, ukipita karibu na feni, diski na pawasaplai, na waya huo hubeba umeme mdogo sana, usiozidi volti moja au mbili hata sauti inapokuwa juu. Unaposogeza mausi, prosesa huamka na kuvuta umeme kwa mafungu ya harakaharaka, na misukosuko hiyo hupenya kwenye waya wa sauti. Ndiyo sababu mchakacho hufuata mkono wako.

Fanya jaribio hili. Simamisha muziki, vaa hedifoni, weka sauti kwenye kiwango unachosikilizia siku zote, kisha shika dirisha moja kwenye kioo na ulivute huku na huku kwa mausi. Usikie mchakacho ulivyo. Sasa zihamishie hedifoni kwenye tundu la sauti lililoko nyuma, ambalo mara nyingi huwa la kijani, na urudie jambo lile lile. Tundu la nyuma limeshikizwa kwenye mazabodi yenyewe, halina ule waya wa kukatiza kasha, na kwa watu wengi kero huisha hapo. Iwapo pini ya hedifoni zako ina mistari mitatu myeusi, maana yake imebeba na maikrofoni. Utahitaji kijiwaya cha kuigawa pini moja kuwa mbili, moja ya sauti na nyingine ya maikrofoni, na bei yake ni ndogo. Kabla hujamaliza, fungua mipangilio ya sauti ya Windows uhakikishe kwamba sauti ya maikrofoni hairudishwi moja kwa moja kwenye hedifoni. Chanzo hicho husahaulika sana, hasa pale ambapo nguvu ya maikrofoni imepandishwa hadi mwisho.

Ikiwa mchakacho utabaki hata nyuma, basi dawa yake ni kuitoa kazi ya kugeuza tarakimu nje ya kasha, yaani kutumia kadi ya sauti ya nje inayochomekwa kwenye tundu la USB. Kadi ya ndani hukaa kwenye kasha lile lile lenye kelele na hulishwa umeme na pawasaplai ile ile. Zipo zilizokingwa vizuri kwa bamba la chuma na vichujio, lakini hizo si za bei unayoweza kuimudu. Tena kasha lako ni jembamba, na nafasi yake hupokea kadi za nusu kimo tu. Sound Blaster Audigy Fx, kwa mfano, imetengenezwa kwa kimo hicho, ila kadi nyingi ndefu zitakugomea pale pale unapojaribu kufunga kasha. Jihadhari pia na kadi za zamani zinazouzwa kwa bei ya mitumba, za nyakati za Sound Blaster Live! ya mwaka 1998 na wenzake: zilitengenezwa kwa nafasi ya PCI, wakati kompyuta za miaka ya karibuni zina nafasi za PCI Express, na hata ukiwa na nafasi inayofaa, draiva yake, yaani programu ya kuiendesha, kwa Windows ya leo ni mtihani mwingine.

Kuhusu muziki, nitasema wazi kwamba idadi kubwa za biti (usahihi wa kila kipimo cha sauti) na kilohezi (maelfu ya vipimo kwa sekunde) zinazoandikwa kwenye boksi zisikushughulishe. CD iliyoingia sokoni mwaka 1982 hutumia biti 16 na kilohezi 44.1, na vipimo hivyo vinatosha kuhifadhi kila mlio hadi hezi 20,000, yaani mitikisiko 20,000 kwa sekunde, ambao ndio mpaka wa sikio la kijana mwenye usikivu kamili, na tofauti ya takribani desibeli 96 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kati ya mlio mdogo kabisa na mkubwa kabisa. Biti 24 kwa hesabu hufikia desibeli 144, kiwango ambacho hakuna sakiti ya hedifoni inayokifikia kwa kweli. Kadi inayotangaza kilohezi 384 haitakupa mlio wa kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, ulio mtamu zaidi kuliko kadi inayotoa 48, iwapo mengine yote ni sawa.

Kinachobadilisha muziki ni hedifoni, na kabla ya hedifoni ni rekodi yenyewe. Taarabu nyingi ya zamani tunayoipata mtandaoni ilitolewa kwenye kanda za kaseti, ikabanwa kuwa MP3 ya kilobiti 128, ikapakuliwa na kubanwa tena. Sikiliza mahali ambapo mpigaji kanuni anadonoa nyuzi za juu peke yake kabla fidla hazijaingia. Kwenye rekodi nzuri kila mdono una mwanzo mkali, halafu sauti ya uzi inafifia polepole hadi kwisha. Kwenye faili lililobanwa kupita kiasi ule mwanzo umelainika, na mkia wa sauti unatikisika kama uko ndani ya maji. Kasoro hiyo imo ndani ya faili, na hakuna kadi duniani inayoweza kuirudisha sehemu iliyokwisha kutupwa. Kwa rumba, tega sikio kwenye magitaa: hedifoni nzuri zitakutenganishia gitaa la solo, lile la kati na lile la kuandamia, kila moja na mahali pake, wakati hedifoni dhaifu zinazojaza besi zitayamimina yote katikati ya kichwa.

Ukitaka kulinganisha vyombo viwili kwa haki, visawazishe kwanza viwe na ukubwa mmoja wa sauti. Masikio yetu hudhani kwamba chenye sauti ya juu kidogo ndicho kitamu zaidi, hata pale ambapo tofauti ni ndogo kiasi kwamba hatuitambui kama tofauti ya ukubwa, na jambo hili limeuza vyombo vingi visivyostahili. Mwombe rafiki abadilishe waya bila kukuambia ni kipi kinacholia.

Sasa gemu. Ushauri kwamba mchezaji lazima awe na kadi yake ya sauti ulikuwa wa kweli zamani, na ndiyo maana ungali unasemwa. Katika enzi ya Sound Blaster Live! na Audigy ya mwaka 2001, prosesa zilikuwa dhaifu, na kadi ilibeba yenyewe hesabu za mwangwi na mwelekeo wa sauti kwa mfumo wa EAX. Windows Vista ilipoingia sokoni mwaka 2007, Microsoft ilibadilisha mfumo wa sauti kiasi kwamba gemu hazikuweza tena kuikabidhi kadi kazi hiyo kwa njia ile ya zamani. Leo hesabu hizo hufanywa na gemu ndani ya prosesa, na prosesa haihisi uzito wake.

Mwelekeo wenyewe hupatikana hivi: mlio unaotoka kulia hufika sikio la kulia mapema kuliko la kushoto, kwa tofauti isiyofika hata milisekunde moja, na kichwa chako hukinga sehemu ya milio ya juu isifike upande wa pili, huku mikunjo ya sikio ikibadilisha sauti kutegemea kama inatoka juu, mbele au nyuma. Gemu ikijua adui yuko wapi, huigiza tofauti hizo na kukupa chaneli mbili tu, moja kwa kila sikio, na hizo ndizo ubongo wako unazozihitaji. Counter-Strike: Global Offensive iliwekewa uwezo huo mwaka 2017, na gemu nyingi za risasi zinao sasa. Ingia kwenye mipangilio ya gemu, chagua kwamba unatumia hedifoni, kisha zima kabisa ile 7.1 ya kubuni inayotolewa na kadi au na programu yake. Usipoizima, sauti itachakatwa mara mbili: gemu imekwisha kuweka hatua za adui nyuma yako kushoto, halafu kadi inazichukua na kuzisambaza tena. Nyayo zitasikika zikiwa pana na zenye mwangwi wa kuvutia, lakini hutajua zinatoka wapi. Kwa mpira jambo hili halina uzito wowote. Kelele za uwanja na mtangazaji husikika vizuri kwa chombo chochote kizima.

Ushauri wangu basi ni huu. Hamia tundu la nyuma leo. Mchakacho ukikataa kuondoka, chukua kadi ndogo ya nje ya USB, kama Sound Blaster Play! 3, ambayo ina matundu mawili na hutoa hadi biti 24 kwa kilohezi 96, nawe usiruhusu chombo hicho kile zaidi ya theluthi moja ya akiba yako. Iliyobaki yote iende kwenye hedifoni za waya zinazofunika sikio zima. Ukienda Kariakoo kuzitafuta, nenda na simu yenye nyimbo zako unazozijua vizuri, wala usikubali kujaribishiwa kwa wimbo wa muuzaji uliojaa besi.

SWALI: Assalaam alaykum. Tundu la hedifoni la laptopu yangu limekufa. Dukani nimeonyeshwa kidude cha USB chenye matundu mawili, la kijani na la pinki, kimeandikwa 7.1 juu yake na bei yake ni rahisi mno. Je, kitafaa? Tena, kuna mtu ameniambia sauti ya USB huwa haina nguvu kama ya kadi ya ndani kwa sababu njia yake ni nyembamba.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Wa alaykumu salaam. Kidude hicho ukikitazama vizuri utaona kina tundu moja tu la kutolea sauti, na tundu hilo lina chaneli mbili. Chaneli nane haziwezi kutoka hapo. Maandishi ya 7.1 yanahusu uigizaji unaofanywa na programu, yaani ile ile niliyomshauri msomaji wa Mbagala aizime. Vingi vya aina hiyo vina chipu ya kundi la CM108 ya kampuni ya C-Media, yenye biti 16 na kilohezi 48 kwa upande wa kusikiliza na maikrofoni ya chaneli moja. Vipimo hivyo havikosi kitu kwa simu za video, habari na gemu. Udhaifu hutokea kwenye ujenzi, kwa kuwa watengenezaji wa bei ya chini hupunguza vichujio vya umeme, na matokeo yake ni mvumo mdogo wa kudumu unaousikia nyimbo zinapokuwa tulivu. Kama haja yako ni kuirudishia laptopu uhai wake, kitafaa, lakini kijaribu pale pale dukani kwa hedifoni zako na bila muziki, usikilize ukimya wake.

Laptopu yako ikiwa na tundu la USB-C, kijiwaya cha Apple cha kugeuza USB-C kuwa tundu la hedifoni ni chaguo bora zaidi ninalolijua kwa bei ndogo, nacho hufanya kazi kwenye Windows bila draiva. Uliza tu kama kimetengenezwa kwa soko la Ulaya, kwa sababu hicho hutoa nusu volti badala ya volti moja, na kwa hedifoni zinazohitaji nguvu nyingi utaona sauti haitoshi.

Hilo la njia nyembamba halina ukweli. Muziki wa biti 24 na kilohezi 96 kwa chaneli mbili huhitaji megabiti 4.6 kwa sekunde, na USB 2.0 ina nafasi ya megabiti 480.

SWALI: Ndugu yangu, nimenunua hedifoni za Beyerdynamic DT 770 Pro za omu 250 kwa kusikiliza muziki nyumbani. Zikiwa kwenye laptopu sauti ni ndogo, nyimbo zilizorekodiwa zamani ndizo zinazosikika kwa mbali kabisa. Je, zimeharibika, au nahitaji kadi kubwa?
Msomaji, Muscat, Oman

JIBU: Hazijaharibika. Hedifoni hizo hutengenezwa katika matoleo ya omu 32, 80 na 250 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), nawe umechukua lile lililokusudiwa vyombo vya studio. Mtengenezaji anasema hutoa desibeli 96 kwa miliwati moja. Laptopu ya kawaida hutoa kama volti moja, na volti moja kwenye omu 250 ni miliwati 4, yaani takribani desibeli 102 kwenye vilele vya juu kabisa vya wimbo. Inaonekana ni nyingi, lakini rekodi za zamani ziliachiwa nafasi kubwa kati ya wastani wake na vilele, kwa hiyo wastani unaousikia uko chini sana ya hapo. Nyimbo za siku hizi hubanwa zikajaa hadi juu, ndiyo maana hizo huoni shida nazo.

Unachohitaji ni volti zaidi. Kila unapozidisha volti mara mbili unapata desibeli 6. Chombo chenye volti mbili kingekufikisha 108, na hapo utakuwa umetosheka. Tafuta kadi ya nje yenye amplifaya ya hedifoni ndani yake. Kwa kuwa unasikiliza muziki tu, amplifaya ndogo za kampuni kama FiiO zitakufaa. Kama ungekuwa pia na gemu na maikrofoni ningekutajia Sound BlasterX G6, ambayo imeundwa kusukuma hedifoni hadi za omu 600. Usome ukurasa wa vipimo ukitafuta volti au miliwati kwenye omu 250 au 300, maana wauzaji hupenda kuandika nguvu ya omu 32 peke yake kwa sababu ndiyo inayoonekana kubwa. Ukishapata nguvu hiyo, itumie kwa kiasi: Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na sikio likishaharibika kwa kelele halitibiki.

SWALI: Laptopu yangu nimeiunganisha na sabufa. Chaja ikichomekwa, sabufa inatoa mvumo mzito. Nikiichomoa, mvumo unakoma. Fundi mmoja kaniambia nikate pini ya juu ya plagi ya chaja. Mwingine anasema ninunue kadi ya sauti. Nimsikilize nani?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Usikate pini hiyo kwa hali yoyote. Ni ya ethi, na kazi yake ni kukulinda usipigwe na umeme siku chaja itakapoharibika kwa ndani. Nimeona plagi nyingi zilizokatwa pini katika nyumba zetu, na kila mara hunihuzunisha, kwa sababu anayekuja kushika kifaa hicho huenda akawa mtoto.

Mvumo huo hutokea kwa kuwa laptopu na sabufa zina njia mbili tofauti za kuufikia umeme wa ukutani, kisha waya wa sauti unaziunganisha kwa njia ya tatu. Umeme mdogo huzunguka katika duara hilo kupitia waya wa sauti, na sabufa inaukuza pamoja na muziki wako. Ni mvumo wa hezi 50, mapigo yale yale ya umeme wa TANESCO. Chomeka chaja na sabufa kwenye ekstensheni moja iliyo nzima, yenye ethi, kisha usikilize. Ikiwa bado, nunua kitenganishi cha waya wa sauti, kiboksi kidogo chenye transfoma mbili ndani yake kinachokaa kati ya laptopu na sabufa. Transfoma hupitisha mawimbi ya muziki bila kuunganisha nyaya za pande mbili moja kwa moja. Kile cha bei ya chini hupunguza besi kidogo, kwa hiyo kisikilize kabla ya kulipa.

Kadi ya USB ya kawaida haitakusaidia, kwa sababu nayo hubaki imeunganishwa na laptopu kwa waya ule ule wa ethi. Isipokuwa kama sabufa yako ina tundu dogo la mraba linalotoa au kupokea mwanga mwekundu: hapo kadi yenye waya wa mwanga itamaliza tatizo moja kwa moja, maana mwanga haupitishi umeme. Kuunganisha kwa Bluetooth nako hukata duara hilo, na kwa muziki kunatosha, ila kwa gemu sauti itachelewa kiasi cha kuonekana. Na kama ukigusa chuma cha laptopu huku chaja ikiwa imechomekwa unahisi kutekenywa vidoleni, mwite fundi umeme aipime ethi ya nyumba kabla hujanunua kitu kingine chochote.